Spika Sita na Kiti Kimoja

Mara nyingi katika kurasa hizi twasoma khabari za malezi ya watoto, na za mume na mkewe, na za haki za jirani. Leo naomba ruhusa yenu niseme juu ya jambo ambalo kwa sura yake ni dogo, nalo ni nyaya na spika za kompyuta. Walakini ndani yake mimi nalipata somo la malezi na somo la ujirani kwa pamoja. Wala sikulipata kwa werevu wangu, bali nalipata kwa kuinama chini ya meza, hali ni mtu mzima mwenye mvi, na mwanangu amenishikia tochi.

Twakaa Makanyagio, hapa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Mimi ni mwalimu wa shule. Nyumbani mwetu tumo mimi na mke wangu, watoto wetu wanne, na baba yangu mzazi, ambaye umri wake umepita miaka 80. Macho yake yameingiwa na kiza, hata hatambui mchana na usiku ila kwa joto la jua na kwa adhana. Masikio yake, alhamdulillahi, ni mazima. Yeye aliletwa mji huu na reli. Wasomaji wa mbali huenda hawajui ya kuwa Mpanda ilikuzwa na machimbo ya madini ya risasi, na kwa ajili ya madini hayo serikali ya Kiingereza ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua, masafa ya kilomita 210 hivi, likafika hapa karibu na mwaka 1950. Machimbo yalifungwa mwaka 1960, lakini reli ikabaki, na baba yangu, naye kijana mwenye nguvu, akapata kazi ya kutengeneza njia na kubadili mataruma.

Sasa naja katika kisa chenyewe. Mwanangu wa kwanza hakufaulu mtihani wake wa kidato cha nne. Ndugu msomaji, jambo hili ni zito kwa mzazi ye yote, na kwa mwalimu ni zito mara mbili, kwa kuwa watu husema, "Anafundisha wa watu, wake amemshinda." Nami, badala ya kumwuliza kijana yaliyomsibu, nalimnunia. Kwa muda wa miezi mitano hatukuwa na maneno baina yetu ila shikamoo ya asubuhi na marahaba yake. Hatimaye nikakata shauri peke yangu kumpeleka Tabora kwa baba yake mdogo, akabebe magunia dukani, na tiketi ya gari moshi nikamkatia bila ya kumwuliza. Siku yake ya kuondoka ilibakia wiki moja.

Katika wiki ile, jioni moja baada ya chakula, alinijia akasema, "Baba, naomba kusema neno."

Nikamwambia, "Sema."

Akasema, "Ile sabufa yetu, spika zake tano zote zasema neno moja."

Nalichukia. Sabufa ile nalikuwa nimeinunua mimi kwa fedha nyingi. Sandukuni mwake imeandikwa "5.1", na muuzaji aliniambia ya kuwa maana yake ni sauti inayomzunguka mtu pande zote. Spika zake tano nilizipanga safu moja juu ya kabati, kama vikombe, na kila mgeni aliyeingia nikamwonyesha. Leo kijana asiyefaulu mtihani aniambia nimenunua kelele!

Lakini yeye aliendelea kwa adabu. "Baba, sabufa hii yapokea waya wenye njia mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Ikisha kupokea, huzigawa zile mbili kwa spika zote. Spika ni tano, ila sauti si tano. Sauti sita hasa zimo ndani ya kompyuta yako, tangu siku uliyoinunua."

Kompyuta yangu ni ya mezani, nzee, niliyoinunua mkononi mwa mtu ili nichapie mitihani ya shule. Nikamwuliza, "Zimo wapi?" Akajibu, "Nyuma, chini ya meza. Sharti uiname." Mke wangu akacheka, akasema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Basi nikainama.

Nami nitawaeleza niliyoyaona, kwa kuwa pengine na nyumbani kwenu kipo kitu kama hicho, nanyi hamna khabari nacho. Ndani ya kompyuta mna ubao mkubwa wenye mitambo, ambao mafundi huuita mazabodi. Zamani aliyetaka sauti nzuri alinunua kadi mbali akaichomeka juu ya ubao ule. Lakini tangu miaka ya mwisho ya 1990 watengenezaji walianza kuitia sauti katika ubao wenyewe, na mwaka 2004 kampuni ya Intel ilitoa kanuni mpya za sauti hiyo, zilizowezesha hata kompyuta ya bei ya chini kutoa sauti ya njia sita au nane. Hivyo watu wengi wamo majumbani na uwezo huo, wala hawautumii, kwani wao huchomeka pini moja tu katika tundu la kijani, basi.

Nyuma ya kompyuta yangu mna matundu matatu: la kijani, la samawati, na la waridi. Kwa kawaida la kijani ni la spika, la samawati ni la kuingizia sauti kutoka chombo kingine, na la waridi ni la maikrofoni. Lakini ukiiamuru kompyuta itoe njia sita, matundu haya hubadili kazi. La kijani huwa la spika mbili za mbele, la samawati huwa la spika mbili za nyuma, na la waridi huwa la spika ya katikati pamoja na la sabufa. Kila tundu hubeba njia mbili, na mbili mara tatu ni sita. Kompyuta zenye matundu sita huwa na rangi zaidi, nazo hazina haja ya kubadili kazi: nyeusi ni ya nyuma, ya chungwa ni ya katikati na sabufa, na ya kijivu ni ya ubavuni kwa mwenye kutaka njia nane. Ama kompyuta ndogo za kukunja, nyingi zina tundu moja tu, na mwenye nayo hana budi kununua kijisanduku cha nje cha kuchomeka.

Ni vema kujua pia ya kuwa sauti itokayo katika matundu haya ni dhaifu. Haiwezi kuisukuma spika kubwa isiyo na umeme wake, bali yahitaji amplifaya, au spika ndogo za kompyuta zenye umeme ndani yake. Sisi tulikuwa na jozi mbili za namna hiyo, moja yangu, na moja mbovu ambayo kijana aliiokota akaitia risasi ya kuunganishia. Tukanunua sokoni jozi ya tatu, na waya mmoja wenye pini upande huu na vichwa viwili upande wa pili, cheupe na chekundu. Gharama yake yote haikufika robo ya bei ya sabufa yangu. Na sabufa yenyewe hatukuitupa. Spika zake tano ziliteremshwa kabatini, na lile sanduku lake kubwa likapewa kazi moja tu ambayo laiweza, nayo ni kunguruma.

Kijana akafungua mipangilio ya sauti katika kompyuta, akachagua spika "tano nukta moja", yaani tano za kawaida na moja ya kunguruma, kisha akabonyeza kitufe cha kujaribu. Kompyuta ikazigonga spika moja moja, ya mbele kushoto, ya katikati, ya mbele kulia, na za nyuma. Tukaona zote zaitika. Lakini tulipocheza filamu, sauti za watu zikatoka sabufani, nzito na za kufifia, kama za mtu aliyejifunika blanketi gubigubi. Nikasema moyoni, "Haya, nalijua." Yeye hakubabaika. Alikibadilisha cheupe mahali pa chekundu, na mara watu wakasema kwa sauti zao mbele yetu. Waya ule mmoja hubeba njia mbili, ya katikati na ya sabufa, na zikipishana, spika ya maneno hupata ngurumo na sabufa hupata maneno.

Kisha tukaweka hotuba moja, na spika za nyuma zikanyamaza kabisa. Nikadhani zimekufa. Akanieleza ya kuwa hotuba ile imerekodiwa kwa njia mbili tu, na chombo kizuri hakisemi kisichoambiwa. Kompyuta nyingine zina uwezo wa kunakili sauti za mbele na kuzipeleka nyuma, lakini hapo twarejea katika ila ile ile ya sabufa yangu, spika nyingi na neno moja.

Sasa wasomaji wangu, hapa ndipo penye kiini cha kisa. Spika zote zilipokwisha kuungwa, kijana alichukua kiti kimoja akakiweka katikati ya sebule. Akafunga uzi mguuni pa kiti, akauvuta kwenda kwa kila spika, mbele na nyuma, ili masafa yawe sawasawa. Mbili za mbele akaziweka upande na upande, kiasi cha digrii 30 kutoka mstari wa katikati, na mbili za nyuma kiasi cha digrii 110, yaani nyuma kidogo ya mabega ya aliyeketi. Zote akaziinua hata zikalingana na masikio ya mtu aliyekaa kitini. Nikamtazama, na nikajiuliza huyu ni yule yule ambaye husemwa hana akili ya hesabu?

Mimi nalikuwa nimekaa mahali pangu pa siku zote, kiti cha baba, karibu na mlango. Alipowasha, nikamwambia kwa ukali, "Mimi naisikia hii moja tu ya kulia. Kazi yako ni bure."

Akanijibu, macho yake yako chini, "Baba, umekaa penye spika. Njoo ukae hapa penye msikilizaji."

Nalisita. Kisha nikaondoka nikaenda kukaa katika kiti chake. Wallahi, ilikuwa kama kwamba kuta zimesogea. Mvua ya filamu ile ilininyeshea mbele na nyuma, na mtu aliyepita kushoto nikamsikia akipita kushoto.

Sababu yake si uchawi. Mwenyezi Mungu ametupa masikio mawili wala si moja, na sauti inayotoka upande wa kulia hufika sikio la kulia kabla ya la kushoto kwa kitambo kidogo mno, kisichofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa tofauti hiyo ubongo hujua upande. Katika hewa sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo ukikaribia spika moja kupita nyingine kwa mita moja, sauti yake hukutangulia kwa kiasi cha sehemu tatu za elfu za sekunde, na masikio yako huifuata ile iliyotangulia na kuzipuuza zilizochelewa. Mhandisi mmoja wa Uingereza, Alan Blumlein, aliliwaza jambo hili karibu na mwaka 1931. Yasimuliwa ya kuwa alikwenda kutazama sinema pamoja na mkewe, akaudhika kuona mchezaji ametembea toka upande huu wa kiwambo mpaka upande ule, na sauti yake imebaki pale pale. Mwaka ule ule akaandikisha haki ya uvumbuzi wa sauti ya njia mbili, na hizi sita za leo ni wajukuu wa fikira ile.

Basi nalikaa katika kiti kile kitambo kirefu, na si kwa ajili ya mvua ya filamu peke yake. Nalikuwa nikiwaza ya kuwa kwa miezi mitano nalimsikiliza mwanangu nami nimekaa penye spika moja tu, nayo ni aibu yangu mwenyewe, na kwa kuwa ilikuwa karibu nami mno, ilizifunika sauti zote nyingine.

Usiku wa pili akasema ana kitu cha kumsikilizisha babu yake. Tukamshika mzee mkono tukamkalisha katika kiti cha katikati. Kumbe kijana alikuwa amekwenda stesheni mara tatu na simu yake, akanasa sauti ya gari moshi likiingia na likiondoka. Kisha, kwa programu ya bure iitwayo Audacity, akazitenga sauti zile na kuzipeleka kila moja katika njia yake, hata honi ikaanza nyuma kushoto, behewa zikapita ubavuni, na mlio wa magurudumu ukaishia mbele kulia. Hakuna aliyemwambia mzee ni kitu gani. Honi ilipolia, akanyamaza. Kisha akaanza kugeuza kichwa chake polepole, akilifuata gari lisiloonekana, kutoka bega la kushoto mpaka mbele ya uso wake, na mkono wake ukainuka kama anayeliashiria lipite. Lilipokwisha pita akasema, "Hilo latoka Kaliua. Limechelewa." Kisha akaanza kutusimulia khabari za njia ile, na za porini, na za wenzake aliofanya kazi nao, mambo ambayo mimi mwanawe sikupata kuyasikia hata siku moja. Mjukuu wake aliketi chini miguuni pake, akimwuliza maswali. Mimi nalitoka uani, kwa kuwa machozi yalikuwa yamenijia.

Lakini furaha isiyo na mipaka humdhuru mwingine. Usiku wa tatu, hali tumekaa twasikiliza, alikuja mtoto wa jirani akasema, "Bibi awasalimu, na asema ukuta wake watetemeka." Nyumba yetu na ya bibi yule zimeshikana ukuta, na yeye alikuwa amefiwa na mumewe, yumo katika eda. Nalitahayari sana. Sisi tulikuwa tumeiweka sabufa pembeni, imeegemea ukuta wake hasa!

Yafaa kila mwenye nyumba alijue jambo hili. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta, na pazia, na zulia. Lakini sauti nzito haizuiliki kwa urahisi, kwa kuwa wimbi lake ni refu. Mngurumo wa mitetemo 50 kwa sekunde una wimbi la mita saba hivi, nalo hupita katika tofali na kuutikisa ukuta mzima. Na sabufa iliyowekwa pembeni mwa chumba huzidi nguvu, kwani kuta humrejeshea mngurumo wake. Kwa hivyo mwenye kuicheza huiona ya kiasi, na jirani yake aliyelala upande wa pili huipata kifuani.

Kijana hakungoja niseme. Aliizima pale pale. Asubuhi akanifuata akaniambia ya kuwa masikio ya mtu hayawezi kujua vema upande inakotoka sauti nzito kama ile, kwa hivyo sabufa, tofauti na spika nyingine, yaweza kuwekwa po pote. Akaihamisha hata ukuta wa mbali, akaitandikia kipande cha godoro kuukuu, na nguvu yake akaipunguza. Kisha akaenda mwenyewe kwa bibi, akampa pole na kumwomba radhi, na akamwomba akae chumbani mwake asikilize, nasi tutacheza kwetu, hata aseme "basi" mwenyewe. Bibi akasikiliza, akasema hasikii kitu. Mambo ya haki ya jirani nimeyafundisha darasani miaka mingi, lakini siku ile nalimwona mwanangu akiyafanya. Alitoka katika kiti chetu akaenda kupima sauti katika kiti cha jirani.

Usiku ule nalimwita, nikamkalisha karibu nami, nikamwuliza swali ambalo lilinipasa kumwuliza tangu miezi mitano. "Mwanangu, ni nini kilichokusibu katika mtihani?" Akanieleza, na maelezo yake yalichukua muda, na mengine yalikuwa juu yangu mimi. Sikumkatiza. Mwisho akasema yu tayari kurudia mtihani, lakini angependa pia ajifunze ufundi wa umeme na vyombo vya sauti. Sikumwahidi makubwa, kwa kuwa mshahara wa mwalimu wajulikana. Ila nalimwambia ya kuwa hili tutalitafutia njia pamoja, na la magunia ya Tabora limekwisha.

Siku ya ile tiketi ilipofika, tulikuwa sote sebuleni, na spika zimezimwa. Kutoka upande wa stesheni gari moshi likapiga honi ya kuondoka. Baba yangu akainua kichwa, akageukia dirishani, akauliza, "Hili ni lile la sandukuni, au la relini?"

Mjukuu wake akamjibu, "La relini, babu. Laondoka."

Mzee akasema, "Haya, na liende salama." Nami nikaitikia amin.

Ndugu msomaji, ukitaka sauti ikuzunguke nyumbani mwako, usikimbilie dukani kwanza. Inama utazame nyuma ya kompyuta yako, huenda ukaikuta imo. Zipange spika zako kwa uzi, mtazame na jirani wa ukutani. Na kabla ya kusema kazi ya mwanao ni bure, ondoka penye mahali pako pa siku zote, ukakae alipokaa yeye, usikilize. Wabillahi tawfiq.